Alichokikataa Baba

Ninafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Bagamoyo, na kila Jumamosi asubuhi ninafundisha katekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kwa miaka miwili au mitatu ili wabatizwe. Hisabati ni kazi niliyoisomea. Kazi ya katekumeni niliipata kwa sababu aliyekuwa akiwafundisha alihamishwa, na padre akatupa macho kanisani akatafuta mtu aliyezoea chaki. Nimeipenda. Lakini nakiri kwamba kwa muda mrefu nilifundisha dini kama ninavyofundisha pembetatu: hii ndiyo kanuni, huu ndio mfano, fungueni madaftari.

Jumamosi moja, miaka michache iliyopita, tulifika kwenye somo la hukumu. Tulikuwa katika chumba cha nyuma ya kanisa ambako kwaya huhifadhi ngoma zake, wanafunzi saba kwenye mabenchi mawili. Mmoja wao alikuwa mama fundi cherehani, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwahi kuuliza swali tangu aanze. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "yule ambaye hakuwahi kusikia habari za Kristo nimemwelewa. Mungu atamtazama kwa jinsi alivyoishi. Lakini huyu aliyesikia, akaamini, halafu siku moja akaacha tu. Huyo hukumu yake ikoje?"

Nikamjibu papo hapo. Nikasema kwamba anayemkataa Mungu kwa kujua na kwa kutaka, na akabaki hivyo mpaka mwisho, anajitenga mwenyewe. Huruma ya Mungu ipo, ila halazimishwi mtu kuipokea. Wote wakaandika. Yeye akaandika pia, kisha akaitazama sentensi ile kwa muda, akafunga daftari.

Sikuwa nimefundisha uongo. Ila nilipokuwa nafuta ubao niliona kwamba nimemsema baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa mananasi kule Kiwangwa, na alikuwa hasali. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, alikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la kijijini ambako padre alifika mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote katekista ndiye aliyeongoza ibada na kufundisha watoto. Hilo halikuwa siri, kijiji kizima kilijua. Aliacha, na sababu haikutajwa kamwe nyumbani kwetu. Kila Jumapili alitupakia mama na mimi kwenye baiskeli, akatufikisha kanisani, kisha akakaa nje akikaza mnyororo na kupuliza vumbi kwenye vyuma mpaka ibada imalizike. Hakuingia hata mvua iliponyesha. Nikiwa mtoto nilidhani ni utaratibu wa kila familia, kwamba mama na watoto huingia na baba hulinda baiskeli. Nilipokua nikajua sivyo, na hapo nikawa nimeshazoea kutouliza.

Nyumba ninayopanga iko mji wa zamani, na mwenye nyumba ni bibi mmoja wa ukoo wa siku nyingi hapa, Mwislamu aliyeshika dini yake barabara. Niliporudi siku ile nilimkuta uani akipara samaki walioletwa kutoka Mlingotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Wamekuudhi wanafunzi wako?"

Nikachukua kisu cha pili, nikakaa kwenye kibao, nikamweleza swali la yule fundi na jibu langu. Akasikiliza bila kuacha kazi yake.

"Sasa kwenu nyinyi," akaniuliza, "asiyeamini anakwenda wapi?"

"Inategemea, bibi."

"Inategemea nini?"

"Kama alijua. Kama alikuwa na nafasi ya kujua. Kama alikataa kwa moyo wake wote."

"Na mimi hapa, umeniweka wapi?"

"Bibi, mimi sijakuweka popote."

Akacheka mpaka magamba yakamwanguka kutoka mikononi. "Alhamdulillahi, maana na mimi sijakuweka popote." Kisha akageuza samaki upande wa pili. "Huyo baba yako, umemuuliza mwenyewe alikataa nini?"

"Hapana."

"Mtu yu hai, anakula, anasema, nawe unakwenda kumtafuta kitabuni?"

Shule ilipofungwa nilikwenda Kiwangwa.

Baba alikuwa shambani, amevaa shati la mikono mirefu na mabuti ya mpira ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu majani ya mananasi hukwaruza vibaya. Alikuwa akibandua machipukizi ya kupanda na kuyapanga kwa ukubwa. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo alifanya kazi zake polepole zaidi, kama mtu asiye na wa kumuwahi nyumbani. Nilimsaidia kupanga. Kwa saa nzima tukazungumzia mvua, na barabara, na meno yake. Nilikuwa nimejiandalia namna ya kuanza nikiwa njiani, lakini ilipofika wakati wake maneno yalitoka yalivyotoka.

"Baba, unaamini kwamba Mungu yupo?"

Hakushangaa. Aliinua chipukizi moja akalitazama mizizi. "Umetumwa na padre?"

"Nimetumwa na mimi mwenyewe."

"Yupo," akasema. "Sijawahi kusema hayupo."

"Basi kwa nini uliacha?"

Akaliweka chipukizi chini. Kisha akainuka, akaniambia nimfuate. Tulipita kati ya matuta mpaka mwisho wa shamba, ambako kulikuwa na mikorosho mikongwe mitatu. Chini ya mmoja palikuwa na eneo dogo, refu kama mkono wa mtu mzima, limepaliwa vizuri wakati pembeni yote magugu yalikuwa yamesimama.

"Kaka yako yuko hapo," akasema.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote.

Alinisimulia akiwa amesimama. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akanyonya vizuri siku mbili. Siku ya tatu akapata homa, akakataa titi. Padre alitarajiwa baada ya wiki mbili, na ubatizo ulikuwa umepangwa uwe na sherehe, maana ni mtoto wa katekista. Asubuhi ya siku ya nne mama alimshika baba mkono, akamwambia, "Mbatize." Baba ndiye aliyewafundisha wanawake wote wa kijiji kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, maji kidogo na maneno machache yanatosha.

"Nikamwambia, ngoja kwanza nikamlete mganga wa zahanati," baba akasema. "Maji yalikuwepo mtungini, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Niliona kwamba nikiyachota, nimekubali kuwa mtoto anakufa. Nikapanda baiskeli. Mama yako naye angeweza kumbatiza, alijua jinsi ya kufanya, lakini mimi ndiye katekista na nilikuwa nimesema ngoja. Akangoja."

Walipofika na mganga, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Padre wa wakati ule akaletewa habari. Akaja, akawapa pole, na akamwambia baba kwamba kwa kuwa mtoto hakubatizwa, azikwe nje ya uzio wa minyaa wa makaburi ya kanisa. Ndivyo ilivyokuwa sheria.

"Alisema kwa upole," baba akasema. "Laiti angenigombeza. Ningemchukia yeye, yakaisha. Lakini alikuwa mtu mwema, na alikuwa anarudia nililokuwa nikifundisha mimi. Mimi ndiye niliyewaambia watoto wa watu kwamba asiyebatizwa hauoni uso wa Mungu. Wangu nikamleta hapa. Jumapili iliyofuata nilirudisha ufunguo wa kanisa."

"Na mama?"

"Mama yako aliendelea kwenda. Hakunilaumu hata siku moja. Hata siku moja." Akainama akang'oa jani lililoanza kuchipua pembeni ya kaburi. "Sasa wewe umesoma. Niambie. Mtu akikataa kumsujudia Mungu anayemfungia mlango mtoto wa siku nne, huyo ni kafiri?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa mtu kuhusu jambo hilo.

Niliporudi Bagamoyo nilikwenda kwa padre. Huyu wetu ni kijana wa huko bara, mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwenye tabia ya kuvua miwani anaposikiliza, kana kwamba macho yanamzuia kusikia. Nilimsimulia yote. Nikamuuliza maswali mawili, nikiyahesabu kwa vidole kama darasani: mtoto yuko wapi, na baba yangu atahukumiwaje.

"La kwanza ni jepesi kidogo," akasema. "Leo Kanisa halisemi kwamba mtoto wa namna hiyo amefungiwa nje. Linamkabidhi kwenye huruma ya Mungu, na lina ibada ya kumzika. Tuna matumaini, na matumaini hayo yana msingi."

"Na zamani?"

"Zamani wengi walifundisha vile alivyofundisha baba yako."

"Na la pili?"

Akaifuta miwani kwa upindo wa kanzu. "Tunasema kwamba mtu atawajibika kwa kukataa. Sawa. Lakini baba yako alikataa nini hasa? Kama mtu aliletewa picha mbaya ya Mungu, akasema huyu simtaki, je, amemkataa Mungu au ameikataa picha?"

"Nimekuja kukuuliza wewe, padre."

"Najua. Na mimi sijui. Tena usije ukamfanya kuwa mtu asiye na lawama yoyote, kwa sababu yeye mwenyewe hajioni hivyo. Anajihukumu kwa yale maji." Akavaa miwani yake. "Ninaweza kwenda kumwona?"

Tulikwenda wiki hiyo hiyo, kwa pikipiki yake. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima. Tulipofika, padre hakusema "Tumsifu Yesu Kristo" kama afanyavyo kila mahali. Alisema, "Shikamoo, mzee," na baba akajibu, "Marahaba, karibu," akamvutia kiti.

Hawakuzunguka. Padre alimwambia kwamba nimemsimulia, na kwamba anaomba radhi kwa niaba ya wote waliomwambia mtoto wake azikwe nje.

Baba alimtazama kwa makini. "Padre yule alisema hili, wewe unasema lile. Aliyebadilika ni Mungu au ni nyinyi?"

"Ni sisi, mzee."

"Basi na kesho mtabadilika tena."

"Huenda. Tunajifunza polepole."

"Na wakati mnajifunza, watu wanazika watoto wao."

"Ndiyo," padre akasema, na hakuongeza neno. Nilimheshimu kwa hilo. Nilikuwa nimeogopa angeanza kufafanua.

Baba ndiye aliyeendelea. "Sina ugomvi na padre yule. Ugomvi wangu ni wa maji. Mke wangu aliniambia nibatize, nikasema ngoja. Hilo halikubadilishwa na sheria yenu mpya."

Padre akamuuliza, "Mtoto mlimpa jina gani?"

Baba akalitaja. Sitaliandika hapa, mimi mwenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile, na nilijisikia kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu yake mlangoni. Kisha wakatembea wawili mpaka kwenye mikorosho, mimi nikifuata nyuma. Padre aliomba kwa kifupi, akamtaja mtoto kwa jina lake. Baba alisimama amevua kofia. Nilitega sikio nisikie kama ataitikia amina. Hakuitikia. Lakini tulipokuwa tunaondoka alimfungia padre mananasi manne nyuma ya pikipiki, akachagua makubwa, akamwambia, "Ukija tena, uje asubuhi. Mchana jua kali."

Padre alikwenda tena, mara nyingi. Sikuwa naye. Kila mmoja wao aliniambia kwa wakati wake kwamba walikuwa wakibishana tu. Siku moja nilimuuliza baba kama ameungama. Akasema, "Tunazungumza. Kuungama ni kitu kingine."

Mwaka uliofuata alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, lakini ulimi ulibaki ingawa ulikuwa mzito. Niliomba likizo nikahamia Kiwangwa kumuuguza. Padre alikuja akiwa na mafuta matakatifu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mzee, ungependa nikupake mafuta ya wagonjwa?"

Baba akafikiri. "Ngoja kwanza," akasema.

Padre aliniangalia, nami nikamwangalia. Nadhani baba naye alilisikia neno lile lilipomtoka, kwa sababu alifumba macho na chozi likashuka kuelekea sikioni. Lakini hakulirudisha. Padre alimshika mkono mzima, akasema atarudi keshokutwa.

Alipofika keshokutwa baba hakuwa na fahamu. Alikuwa anapumua kwa shida, na hakusikia jina lake. Nikamuuliza padre tufanye nini, maana baba hakukubali.

"Hakukubali," padre akasema, "lakini 'ngoja kwanza' si 'hapana.' Mama yako alilielewa hilo siku ile, ndiyo maana akangoja." Akafungua kichupa, akampaka kwenye paji la uso na viganjani. Baba alifariki asubuhi ya siku iliyofuata, jua likiwa limeshatoka.

Shida ikaja kwenye mazishi. Viongozi wa kigango walikutana uani kwetu, na mwenyekiti wao, mzee mwenye busara zake aliyesoma katekisimu kwa baba akiwa mtoto, alisimama akasema jambo ambalo siwezi kulidharau.

"Padre, mimi nilimpenda huyu mtu. Alinifundisha kusali. Lakini kwa zaidi ya miaka arobaini hakuingia kanisani, hakuungama, hakupokea komunyo. Tukimzika kwa ibada, vijana walioacha kanisa tutawaambia nini? Kwamba haina tofauti?"

Wengine wakatikisa vichwa. Na mimi, binti wa marehemu, nilijikuta nataka kusikia jibu kama mtu wa nje. Lilikuwa ni swali la fundi cherehani limerudi na sura nyingine.

Padre alijibu ameketi. "Tutawaambia kuna tofauti. Mzee huyu aliijua tofauti kuliko sisi, ndiyo maana hakuja kutuigizia. Tutawaambia pia kwamba sisi tulimkosea kwanza. Kama Mungu ana neno naye, na huenda analo, watazungumza wenyewe, wala hawatatuita tuwe mashahidi. Kazi yetu leo ni kumzika na kumwombea."

"Na hiyo si kuirahisisha dini?" mwenyekiti akauliza.

"Kumwombea aliyekwenda bila kutuaga ni kazi ngumu, mzee wangu. Rahisi ni kumwacha."

Mwenyekiti hakusema kwamba ameridhika. Alisema tu, "Basi nitabeba msalaba mimi." Na aliubeba mpaka kwenye mikorosho, ambako baba alizikwa pembeni ya mtoto wake. Bibi mwenye nyumba wangu alikuja kutoka Bagamoyo na wanawake watatu wa jirani zake, wakakaa mkekani pamoja na ndugu zetu. Aliponikumbatia alininong'oneza, "Mola amfanyie wepesi." Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nilirudi kwenye ngoma za kwaya na mabenchi mawili baada ya mwezi. Kabla ya kuanza somo niliwaomba wanafunzi wafungue ule ukurasa wa hukumu, nikawaambia kwamba sentensi niliyowapa haina kosa, ila niliitoa haraka mno. Nikawasimulia habari za baba yangu kama nilivyosimulia hapa.

Nilipomaliza, yule mama fundi cherehani akanyoosha mkono.

"Na yule padre wa zamani," akauliza, "aliyesema mtoto azikwe nje. Yeye naye atahukumiwaje?"

Sikuwa nimewahi kumfikiria hata mara moja. Nikaweka chaki mezani. Kijana mmoja muuza samaki akasema padre yule hana kosa, alifuata alichofundishwa. Mama wa pembeni yake akasema kufuata tu nako ni kosa, moyo wake ungemwambia. Mwingine akasema huenda moyo ulimwambia, ndiyo maana akasema kwa upole. Wakaanza kubishana, wakageuziana mabenchi, wakanisahau kabisa. Nikavuta kiti nikakaa kati yao, nikaanza kusikiliza.